Théogène Hakutaka Kuchezewa Sare

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Théogène Niyonsenga, muuza vipuri vya pikipiki pale sokoni Birere na mchezaji wa sataranji wa mtaa wa Ndosho. Théogène alifariki Jumatatu iliyopita. Ni moyo, wasikilizaji. Ulimsumbua mwaka mzima.

Alizaliwa Rutshuru. Sataranji alifundishwa na padri mmoja shuleni, na tangu hapo hakuwahi kucheza kwa woga. Alipenda ule ufunguzi wa mchezo ambao wachezaji huuita Dragoni. Wewe unamficha mfalme wako upande huu, mwenzako anamficha wake upande ule. Kisha kila mmoja anawatuma askari wake mbele, mbio mbio, na anayechelewa hatua moja amekwisha. Kwenye meza yao ya Ndosho kulikuwa na desturi: wafalme wakishatengana hivyo, hakuna kuomba sare.

Mpinzani wake wa miaka yote alikuwa Jumaine, dereva wa lori, jirani yake wa mlango kwa mlango. Walitaniana, walinuniana, kesho yake wakarudi mezani.

Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari alisema asishtuliwe. Hapo Jumaine akabadilika. Akawa anamficha mfalme upande uleule wa mwenzake, anabadilishana kete polepole, anaomba sare. Wengine wakamwiga. Walidhani wanamtunza. Mkewe, mama Dancille, anasema mumewe alikuwa akirudi nyumbani amenuna, chakula hagusi.

Jumapili ile ya mwisho akapiga meza.

"Jumaine, munaanza kunizika mbele nikufe? Cheza na miye sawa mutu muzima!"

Jumaine alimtazama rafiki yake. Miguu imevimba, pumzi fupi. Aliogopa, tena sana. Lakini akamhamishia mfalme wake upande wa pili, akawaachia askari wake mbio.

"Papa Théo, basi leo hakuna huruma."

Ulikuwa mchezo wa kufa na kupona. Théogène alishindwa kwa hatua moja. Moja tu, wasikilizaji. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Asubuhi yake hakuamka.

Mtaani maneno yakaenea: Jumaine amemuua mgonjwa. Jumaine hakufika mazishini. Mpaka leo hajakanyaga kwenye kilio, na mlango wake umefungwa.

Wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani mna mgonjwa, muulizeni anataka nini kabla ya kumwamulia. Inauma, lakini muulizeni. Kwa mama Dancille na watoto, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na kwako, Jumaine, kama unatusikia, pole. Mama Dancille anakuita uje kilioni, na ametuomba tukufikishie maneno yake kama alivyoyasema:

"Papa Jumaine, kuya ku kilio. Ile magaribi ya mwisho bwana yangu alikula bugali na samaki sambaza, akaomba ingine. Akaniambia, 'Jumaine amenishinda leo. Kesho nitamushinda.'"