Dorkas Wankyo Burito: Aliyebisha Hodi Pasipo na Mlango

Ndugu waombolezaji, kaburi hili liko tayari tangu Alhamisi, na leo ni Jumamosi. Najua mmenung'unika. Mimi ni Matrida, wifi yake marehemu, na yeye ndiye aliyeagiza nisome wasifu wake. "Wifi hatanipamba," alisema. Basi nisikilizeni, sababu mtaijua.

Dorkas Wankyo Burito alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Butiama, mtoto wa tatu wa mzee Burito na mama Nyamburi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Butiama, akamaliza mwaka 1974, kisha akasomea kilimo. Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa bibi shamba wa pamba huko Bunda. Akikuta shamba limejaa magugu, hakugomba. Alivua viatu akaanza kulima, mwenye shamba akakimbilia jembe kwa aibu.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na kaka yangu Bernado, fundi mwashi wa hapa Suguti, wakahamia Kigera, mjini Musoma. Bernado alitutangulia mwaka 2012. Dorkas alipostaafu mwaka 2018 tulidhani atapumzika. Thubutu!

Aprili 2024 mto ulifurika hapa kwetu. Nyumba zilianguka, mihogo ikaozea ardhini. Gari la misaada lilitoka mjini na unga na blanketi, na Dorkas alikuwemo. Kipaza sauti kikaita, "Waathirika, pangeni foleni!" Alikinyang'anya. "Waathirika ndio nani? Mimi nimekuja kwa wenye nyumba."

Akashuka mpaka kwa jirani yetu Jeska, mjane, aliyekuwa amekaa juu ya tope la ukuta wake. Akasimama pembeni. "Hodi!"

"Mama, hodi ya wapi? Nyumba huioni imekwenda?"

"Nimesimama mlangoni. Nikaribishe."

Watu walicheka. Alibisha tena, mvua inamnyeshea, hang'oki. Mwisho Jeska alilia, akasema, "Karibu, mama." Ndipo akaingia, akaketi kwenye tope, wakaanza kupanga nyumba ijengwe wapi, kule juu mto usikofika.

Tangu siku hiyo alibisha hodi kila kiwanja. Kila gari la unga alilidai lilete na bati, marando ya viazi na vipando vya mihogo. "Unga unaishaga," alituambia, "kiazi kinarudi." Akaitisha msaragambo, kijiji kizima kikafanya kazi pamoja, nyumba zikainuka. Ya Jeska ilibaki ya mwisho, kwa kuwa Jeska mwenyewe alisema wenye watoto wadogo watangulie.

Februari mwaka huu figo zilimlemea, akalazwa mjini Musoma. Nilipokwenda kumwona hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza paa. Akaniambia, "Wifi, nawajua ninyi na makaburi yenu ya vigae. Saruji ya kwangu mpelekeeni Jeska. Na msinizike kabla hajaezekwa." Alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025.

Wazee walisema maiti haingoji bati. Nikawaambia, huyu atangoja, mnamjua! Basi mliokuja kulia mkapewa nyundo. Aliyetoka Bunda kapanda juu, aliyetoka Kamunyonge kashika ngazi. Ahsanteni. Bati la mwisho lilipigwa msumari jana jioni.

Asubuhi hii jeneza lilipita kwanza kwa Jeska. Robert, mwana mkubwa wa marehemu, akabisha hodi kwa niaba ya mama yake. Jeska akafungua. "Karibu, mama," alisema. "Leo mlango upo."

Marehemu ameacha watoto, Robert, Naomi na Fredi, wajukuu, mimi wifi yake ninayeumia, na wenye nyumba wote wa Suguti.

Apumzike kwa amani. Wifi, bisha hodi. Mwenye Nyumba yupo.