Jacklyne Anyango Oduor: Dawa Ifike Ikiwa Baridi

Marehemu Jacklyne Anyango Oduor alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 mtaani Ziwani, kwa mzee Nahashon Omolo, mfanyakazi wa reli, na mkewe Peres.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ziwani, kisha sekondari huko Siaya, na baadaye akapata stashahada ya ununuzi. Kuchagua vitu alianza mapema. Akitumwa soko la Kariokor kununua akala, vile viatu vya matairi, alizipindua na kuzivuta mikanda yote, muuzaji akinuna yeye hana habari.

Mwaka 1993 aliolewa na Sylvance Oduor, karani wa Baraza la Jiji, wakaishi Huruma. Mungu akawajalia Elsie na Phares. Sylvance hupenda kusema kwamba yeye alikaguliwa kuliko akala.

Mwaka 2001 aliajiriwa Hospitali ya Wazazi ya Mwanzo Mpya, akapanda hadi mkuu wa ununuzi. Mwaka 2016 akina mama kadhaa walitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na dawa ya kuizuia haikufanya kazi. Waliponea chupuchupu. Dawa hiyo huharibika ikipata joto, kwa hivyo kila mtu alimnyooshea kidole muuzaji, Hirad wa Eastleigh. Wakubwa walitaka afutwe mara moja. Jacklyne alikataa katakata mpaka ajue dawa inaharibikia wapi.

Alichora kwa chaki, kwenye sakafu ya korido, njia yote ya dawa kutoka langoni hadi kitandani kwa mama. Kisha akampa bawabu, Muasya, barafu tamu wanayouziwa watoto, akaagiza ipitishwe vilevile dawa inavyopitishwa. Yeye akaenda kwenye kikao chake cha asubuhi kama kawaida. Aliporudi, barafu haijatoka langoni.

"Madam, hii imekuwa maji na bado sijasainiwa," Muasya akamwambia, akiwa bado juani.

"Anayesaini ni nani?"

"Si ni wewe, madam. Ulikuwa kwa mkutano."

Watu walicheka, lakini yeye ilimwingia moyoni. Alimpigia Hirad simu akamwomba radhi. Kisha akawakabili wakubwa: dawa iende kwenye friji kwanza, sahihi ifuate. Walipomwambia huko ni kuvunja utaratibu, aliwajibu, "Basi nifuteni mimi, lakini dawa haikai juani tena." Wakakubali. Tangu hapo alituma barafu langoni bila taarifa, hata Muasya akazoea kukimbia nayo.

Juni 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alipambana nayo bila kulegea, na hata alipolazwa aliwauliza wauguzi kila dawa imepitia wapi. Alituaga Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mumewe Sylvance, mwanawe Phares, mjukuu mmoja, na binti yake Elsie, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Agosti iliyopita Elsie alijifungulia Mwanzo Mpya, akatokwa na damu nyingi mama yake akiwa kando ya kitanda. Muuguzi alitoa dawa kwenye friji ikiwa baridi, akamdunga, na damu ikakata. Ndiyo sababu leo binti anamzika mama, na si mama aliyemzika binti.

Pumzika kwa amani, Mama Elsie. Friji tutaiangalia.