Historia ya Mama Tikisa na Mzigo wa Mdogo Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Tikisa, na inawaomba muwe na subira kidogo, kwa sababu historia hii ina sehemu moja ndefu kuliko ilivyo kawaida, na sehemu hiyo imewekwa kwa agizo lake mwenyewe, alilolitoa akiwa na akili zake timamu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha barafu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi mitambo wa kiwanda hicho na mke wake, aliyekuwa mfuaji wa nguo hospitalini. Mdogo wake wa kike alimfuata mwaka 1964, na tarehe 2 Novemba 1969 akazaliwa mdogo wao wa kiume, ambaye nyumbani mpaka leo tunamwita Kitinda, na kwa kuwa mama yao alirudi kazini mapema, marehemu ndiye aliyembeba Kitinda mgongoni, akaenda naye bombani, dukani, na siku nyingine mpaka darasani, hata mwalimu wake akamuuliza kama huyo wa mgongoni naye amekuja kuandikishwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kuimaliza Novemba 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, kisha mwaka 1979 akajiunga na chuo cha uhifadhi wa vyakula, ambako darasa zima lilikuwa na wasichana watatu tu, akapata cheti chake Julai 1981. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini walimu wake waliandika katika ripoti zote kwamba ni mtu wa kufuata utaratibu, na jambo hilo alipenda lisimuliwe.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika ghala la samaki, akakaa huko miaka minane, na mwezi Mei 1990 akahamia ghala la baridi lililo karibu na bandari, lenye vyumba sita na milango mizito ya chuma, ambamo matunda ya beri, yaani stroberi, rasiberi na jamii yake, yalihifadhiwa yakingoja meli. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, matunda hayo yanachumwa asubuhi huko milimani, yanagandishwa siku hiyo hiyo yakiwa moja moja, yanatiwa kwenye katoni za kilo kumi, yanaletwa na lori la baridi hadi ghalani, halafu yanapakiwa kwenye kontena na kwenda ng'ambo kwa watengenezaji wa jamu na maziwa ya mtindi, watu ambao hawajapata kumwona mchumaji wala shamba lake, na ambao humwamini mkulima kwa sababu tu mkaguzi ametia sahihi.

Huyo mkaguzi ndiye aliyekuwa marehemu. Kabla ya kufungua katoni aliinyanyua, akaisogeza sikioni na kuitikisa, kwa kuwa tunda lililobaki kwenye baridi yake hucheza ndani kama kokoto kwenye kopo, ila lililoyeyuka njiani likagandishwa tena hushikana na wenzake likawa bonge moja, nalo hupiga kishindo kimoja tu na kunyamaza. Utaratibu ulitaka katoni zitolewe sehemu tatu za lori, mlangoni, katikati, na mwisho kabisa karibu na feni, na kwa miaka kumi na minane marehemu aliingia ndani ya malori yote kwa mabuti yake na koti lake zito, akatoka na barafu kwenye nyusi, ndipo wapakiaji wakampa jina la Mama Tikisa, na wakawa wakitaniana kwamba mama huyu akikupa mkono wa salamu, anasikiliza kama ulilala vizuri.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988 na fundi wa mitambo ya baridi, aliyefika ghala la samaki kutengeneza feni ya chumba cha tatu, kazi ya saa mbili, akaimaliza kwa siku nne, na mwenyewe yupo hapa na hajawahi kukanusha. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1990, wa pili 1993 na wa mwisho 1997, na wajukuu watano. Nyumbani alikuwa mama mpole, mwenye mikono baridi kila wakati, aliyewafundisha wanawe kusema kweli, na alituambia kwamba kila alipowafundisha hivyo baada ya mwaka 2008, aliharakisha kumaliza akaenda jikoni.

Sasa tunafika kwenye sehemu tuliyoitaja.

Mwaka 2003 Kitinda, pamoja na akina mama wakulima ishirini na sita, alianzisha kiwanda kidogo cha kugandisha rasiberi huko milimani, banda moja lenye mashine mbili kuukuu alizozifufua kwa msaada wa shemeji yake, na baada ya misimu kadhaa ya kuuza humu humu nchini, wakala wa wanunuzi wa ng'ambo akakubali kumweka kwenye orodha ya wauzaji, kwa sharti kwamba mzigo wake wa kwanza upite ukaguzi. Mzigo huo uliingia ghalani siku ya Alhamisi, tarehe 19 Juni 2008, katoni elfu moja na mia moja, na Kitinda mwenyewe alikaa mbele pamoja na dereva, amevaa shati jeupe.

Wapakiaji walimjua, wakaanza utani wao, mmoja akasema kwa sauti, "Leo hakuna cha kutikisa, mtoto wa nyumbani kaja," na mwingine akamjibu, "Huyo alishatikiswa mgongoni, inatosha." Wote walicheka, Kitinda naye akacheka, lakini marehemu utani huo ulimchoma, akaona macho ya watu yote yako kwake, akaogopa kuonekana anapendelea. Akavunja lakiri, mlango ukafunguliwa, akachukua katoni mbili za mlangoni na kuzitikisa, nazo zikapiga kishindo kimoja na kunyamaza. Dereva akaeleza kwamba huko kwenye mizani ya barabarani askari walikata lakiri ya kwanza, wakaacha mlango wazi saa nzima wakihesabu, kisha wakatia nyingine, na kwamba za ndani hazikuguswa, na Kitinda akamwambia, "Dada, ingia ndani basi, tikisa za mwisho, ndiyo hilo tu ninaomba."

Lilikuwa ombi la utaratibu, si la undugu, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote, marehemu angeingia. Hakuingia. Alisema mbele ya wapakiaji, madereva na wakala, "Mimi humu ghalani sina ndugu," akagonga muhuri wa kukataa, na siku hiyo wengi walimsifu kuwa mama huyu hana mchezo.

Wakala alilikata jina la Kitinda siku iliyofuata, wanunuzi wakahamia kwa wakulima wa nchi nyingine, kwa kuwa biashara hiyo haimngoji mtu, msimu wa huku ukifungwa wa kwingine unafunguliwa, na neno likaenea kwamba Kitinda alitaka kupitisha matunda mabovu kwa mgongo wa dada yake. Banda lilifungwa kabla mwaka haujaisha, wale akina mama ishirini na sita wakarudi kwenye vibarua, na Kitinda akaenda kuendesha gari la kusambaza maziwa, kazi anayoifanya hadi leo.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 2008, marehemu alikutana dukani na mtunza stoo wa mtengenezaji mmoja wa juisi, ambaye alikuwa ameununua mzigo ule uliokataliwa, naye akamwambia bila nia yoyote mbaya, "Mama, yale ya mdogo wako safu tatu za mlangoni tu ndizo zilizoshikana, nyingine zote tulipozimimina ziliviringika mpaka chini ya meza, tukazikimbiza na ufagio." Marehemu alisema alilishika lile kapu lake kwa mikono miwili, akaaga, akatoka bila kununua alichokuja kununua.

Alijua la kufanya, kwa sababu ghala lilikuwa na barua ya masahihisho, ya ukurasa mmoja, ambayo mkaguzi aliyekosea huiandika kwenda kwa wakala, na jina la muuzaji hurudishwa kwenye orodha. Ila barua hiyo ingemtaka aseme kwamba hakuingia ndani ya lori, na mwezi huo huo alikuwa anafikiriwa kwa nafasi ya mkuu wa ukaguzi, akasema moyoni ataiandika wakishamteua. Aliteuliwa tarehe 1 Septemba 2008, akaona aibu imekuwa kubwa zaidi, akaiahirisha mpaka msimu mwingine, kisha mwingine, na alipostaafu tarehe 31 Machi 2021, wakimsomea risala ya sifa kwa kutopendelea hata ndugu, alikaa kwenye kiti cha mbele akiitazama meza.

Katika miaka hiyo yote Kitinda hakumtukana wala hakumsusa, alifika kwenye misiba na harusi zetu, akamwamkia, "Shikamoo dada," akaenda kukaa upande wa pili wa chumba. Alijua mzigo wake ulikuwa mzuri. Alichokuwa hajui ni kwamba dada yake naye alijua.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Agosti 2022, akalazwa mara nne, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Januari 2025. Kitinda alikwenda kumwona tarehe 26 mwezi huo, akamenya chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja, wakazungumza juu ya mvua na juu ya miguu ya shemeji yake, na marehemu alipoanza kusema, "Mdogo wangu, ule mzigo wako," muuguzi akaingia na sindano, na muuguzi alipotoka Kitinda alikuwa amekwisha kusimama, akamwambia, "Pumzika dada, tutaongea ukipona." Marehemu angeweza kumwita arudi, mlango ulikuwa hatua sita tu, naye hakumwita. Hilo alilijutia kuliko lile la mwanzo.

Kesho yake alimwita binti yake mkubwa, akamwandikisha haya mliyoyasikia, na alipoulizwa kama si afadhali Kitinda aitwe aambiwe faraghani, alijibu, "Nilimkataa mbele za watu, nisomeni mbele za watu." Alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Kwa agizo lake, basi, familia inawatamkia wapakiaji, madereva, na akina mama wa milimani mliofika, kwamba mzigo wa tarehe 19 Juni 2008, ukiacha safu tatu za mlangoni, ulikuwa mzima, na kwamba mwenye mzigo hakumdanganya mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliomhudumia kwa upole hata alipokataa kuvua soksi, tunawashukuru majirani waliofua, waliopika na waliolala chini ili wageni wapate vitanda, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghala kwa gari na kwa kuja kwa wingi, na tunamshukuru mumewe kwa miezi mingi ya kumwinua na kumlaza.

Tena tunamshukuru Kitinda, aliyefika jana asubuhi kabla ya sisi wote, akavipanga viti hivi mnavyokalia, safu baada ya safu, bila kujua kitakachosomwa juu yake. Ndugu yetu, hudaiwi jibu, si leo wala siku nyingine.

Nawe dada yetu, umekwisha kulisema, upumzike sasa kwa amani.