Mama Mkwe Baharini

Mwongeli alikuwa akisinzia ndani ya basi la Kola alipowasikia wanawake wawili wa kiti cha mbele.

"Tulienda Tanga familia yote, tukapumzika wiki nzima," alisema mwenye kilemba. "Mama yangu akaingia baharini na bwanangu, amemshika mkono asianguke."

Mwenzake alimgeukia polepole, kama aliyeambiwa kuna msiba. "Na mkwe wake? Alikuwa amevaa nini?"

"Nguo ya kuogelea. Ulitaka avae koti?"

"Dada, kwetu mwanamume akikutana na mama mkwe njiani, anapinda kando. Hiyo nthoni, haya ya wakwe, mliiacha wapi, mpakani?"

"Mama yuko na miaka sabini na hajawahi kuona bahari. Wewe ungemwacha kwa mchanga peke yake?"

"Ningemwacha na heshima yake."

Usingizi ulikuwa umeshamtoka Mwongeli. Basi liliposimama Machakos, wawili wale walishuka wakiendelea kubishana. Yeye alibaki kitini, amekumbatia mkoba. Ndani mlikuwa na nguo ya kuogelea, ya safari ya Zanzibar Jumamosi. Mkwe wake, mume wa bintiye, ndiye aliyemnunulia, bila kuuliza saizi, na jana Mwongeli alipoijaribu ilimkaa barabara.