Mama Abadir Hakuitikia Jina Jingine

Marehemu Demiana Habib Gindi alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Minya, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani Habib Gindi na mkewe Evlin. Mimi Teriza ninayesoma ndimi mdogo wake pekee. Mwanawe, Daktari Ramez, aliyekaa pale mstari wa mbele, ameniomba katika arobaini hii nisome kwa ufupi, tena kwa upole. Ufupi nitajitahidi.

Alisoma shule ya wasichana ya mtaani kwetu, kisha chuo cha ualimu Asyut, akahitimu mwaka 1971 na kurudi kufundisha hesabu. Wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wenyewe. Mwaka 1977 aliolewa na Wagdi Basili, karani wa reli, mtu mpole aliyetutoka mwaka 2009.

Mwaka 1980 alijifungua Abadir. Alikuwa mtoto mzuri, macho makubwa, na hakusema neno. Alikula vyeupe tu: wali, jibini, viazi vya kuchemsha. Ukimwekea dengu, sahani inaishia ukutani. Daktari bingwa wa Kairo alimtazama kidogo tu, akamgeukia mama: "Kawa hivi kwa sababu humpendi." Dada yangu alirudi na treni akilia hadi Minya, mtoto amemlalia mapajani. Neno usonji tulikuja kulisikia miaka mingi baadaye.

Mwaka 1984 akazaliwa Ramez. Huyo alisema mapema, na mtaa mzima ukashusha pumzi. Kwetu mama huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, lakini mtaa ulimruka Abadir kama dimbwi la maji machafu, ukaanza kumwita dada yangu Mama Ramez. Hakuitikia hata siku moja. Jirani yake Mama Nagi, Mungu amrehemu huko aliko na mdomo wake, alikuwa akipiga kelele kutoka kibarazani juu:

"Mama Ramez! We Mama Ramez! Umeziba masikio?"

"Mama Ramez hakai hapa."

"Haya basi, mama wa yule mwenye mashetani! Si umpeleke kwa padri akaombewe?"

"Nishampeleka. Kamng'ata. Sasa anayeombewa ni padri."

Mnacheka. Mlicheka na siku zile, ila hamkuwa mnacheka naye.

Mwaka 1993 alifungua shule ya elimu maalumu chini ya nyumba yake, akianza na watoto wanne. Wazazi waliwaleta kwa mlango wa nyuma, wengine wamewafunika shuka, ili wachumba wa dada zao wasisikie. Aliwafundisha watoto kula, kuvaa, kuomba maji, na akawafundisha mama zao kutembea nao mchana kweupe. Waliokua aliwapa kazi ya kufunga mishumaa, na hii mliyowasha leo wameifunga wao. Mnaijua bei yake. Wenyewe hamwajui.

Kila mtoto pale alikuwa na ubao wa picha za siku yake, zimebandikwa kwa mpangilio: kiatu, darasa, chakula, nyumbani. Jambo likiisha, mtoto anabandua picha yake na kuitia koponi. Mwalimu mgeni alionywa kitu kimoja tu. "Usimwekee picha ya kitu ambacho hakitatokea," Demiana alisema. "Sisi tunadanganyana tangu asubuhi na bado tunakunywa chai pamoja. Huyu hana pengine pa kushika."

Januari mwaka 2023 aligunduliwa saratani ya kongosho. Hakuzungumza habari ya dawa. Aliketi mezani akatengeneza ubao wa kifo chake mwenyewe, akafanya mazoezi na Abadir kila asubuhi: kitanda, jeneza, kanisa, udongo, mikate ya sadaka. Ilibaki picha moja, ya mwisho: ya atakayemchukua baada ya mazishi. Alimpigia simu Ramez huko Ujerumani mbele yangu.

"Niweke nini hapa, mwanangu? Nijibu kwa kweli, maana nikishabandika nimebandika."

"Weka picha yangu, Mama. Abadir ni wangu. Jamani, ni ndugu yangu!"

Dada yangu, aliyewakatalia walimu wote, akaamini. Akaibandika.

Alifariki tarehe 9 Septemba, mwanawe daktari akiwa amefika jana yake. Tangazo la msiba gazetini liliwataja wahandisi na wanasheria wa ukoo mzima, likamwita mama wa Daktari Ramez, basi. Makaburini Abadir hakupiga kelele. Alibandua jeneza, akabandua udongo, akala mkate wake, akaitia na picha ya mkate koponi. Kisha akachukua begi alilofungiwa na mama yake, akaingia kwenye gari la Ramez na kufunga mkanda.

"Shuka, habibi. Shuka," Ramez akamwambia. Akanigeukia: "Mama mdogo, mke wangu hawezi. Watoto wataogopa."

"Wataogopa nini? Mtu anayekula wali?"

Wanaume watatu walimtoa garini. Hapo ndipo alipopiga kelele, na nyinyi mkatazama viatu vyenu.

Nilimchukua kwangu. Nilibandika picha yangu juu ya ile ya ndugu yake. Akaibandua, akaitia koponi, nikawa nimeisha. Tangu siku hiyo analala mlangoni, begi mkononi, amekonda kama mnavyomwona. Kila lifti ikisimama, anasimama na yeye.

Marehemu ameacha wana wawili: Abadir, mzaliwa wa kwanza, na Daktari Ramez, anayesafiri kesho. Ameacha wajukuu wawili wasiojua kama wana baba mkubwa, mdogo wake mimi, na wanafunzi wake, waliosimama nje kwa sababu viti vimewatosha wahandisi tu.

Abadir yuko mstari wa mwisho, na ubao wake, na begi. Ramez, mwanangu, simama uende kwake. Mshike mkono muondoke wote, au uibandue sura yako kwa kidole chako mwenyewe, huku anakutazama. Mstari wa mwisho wa wasifu huu ni wa kumtakia Mama Abadir apumzike kwa amani. Nitausoma ukishafika kule. Nina nguvu ya kusimama hapa mpaka jioni.