Jeni ya Jamile na Mizeituni ya Watu

Kijiwe kilikuwa nje ya tanuri la mikate, mlimani juu ya Beirut: benchi la watu wanne lililozoea kukaliwa na saba, wote mabinamu, maana pale kijijini hata ukimtukana mpita njia umemtukana ndugu yako. Asubuhi hiyo Nohra alikuja na karatasi mfukoni. Binti yake Jamile, miaka kumi na miwili, alikuwa na vinundu vya mafuta viwikoni, na moyo wake ulikwisha kuanza kuchoka. Daktari alitaka sahihi ya baba kabla ya adhuhuri, ili mtoto achomwe sindano ya majaribio ya kumpelekea ini jeni nzima. Nohra alikuwa anaogopa, basi. Akaona aulize kijiweni, na hapo ndipo alipokosea.

Akawaeleza alivyoelewa. Ini lina vijilango vya kuvuta mafuta kutoka kwenye damu. Yeye alirithi nusu ya milango, kwa hiyo kidonge cha kushusha mafuta kilimsaidia. Jamile, mtoto wa mabinamu wawili wenye kasoro moja, hakupata hata mmoja. Kidonge kilekile kwake kikawa kama peremende.

Tannous, aliyeitwa Waziri kwa sababu aliwahi kupeana mkono na dereva wa waziri, akatikisa kichwa.

— Mnachelewa, binamu. Dawa hutiwa kwenye mafuta kabla hayajamwingia mtu. Mimi vidonge vyangu vyote nimevisaga ndani ya mtungi wa kaworma.

Nyama ya akiba imelala kwenye mafuta ya kondoo tangu vuli, sasa nayo iko kwenye matibabu. Nohra akauliza kama imesaidia. Waziri akajibu kwamba mtungi haujaumwa hata siku moja.

Asaad Mkia, ambaye kondoo kwake ni ule mkia wa mafuta tu, akaona amalize shauri.

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Yetu maabara wamekiri ni nzito kupita kiasi. Huo si ugonjwa, huo ni undugu.

Kisha akainama, akauliza kwa wasiwasi:

— Na hiyo jeni ni ya nani?

Nohra hakujua. Asaad akasema ikiwa imetoka kwa mtu wa ng'ambo ya bonde, basi Jamile amekuwa mrithi wake, na ana haki ya kudai mizeituni kule. Kahawa haijapoa, wakawa wameshaigawa miti, na Waziri amenuna kwa kupewa ya kwenye mawe. Aibu iliyoje, hata Nohra alijikuta anagombea ile ya karibu na chemchemi.

Hiyam, muuguzi mgeni aliyepanda kutoka zahanati kuifuata karatasi, alikuwa amesimama muda akisikiliza.

— Samahani, ami zangu. Nani kati yenu baba yake yuko hai?

Walikuwa saba, na mkubwa wao alikuwa na miaka arobaini na sita. Asaad akachungulia birika. Waziri akahesabu makaburi ya baba zao kwa vidole, mkono mmoja ukaisha. Nohra alimkumbuka baba yake akianguka katikati ya ngoma ya dabke, harusini, ana miaka thelathini na minane, na watu wakidhani anacheza.

Akaitoa karatasi, akaomba kalamu. Asaad akaishika pembeni isipeperuke.

— Na ile mizeituni? Waziri akauliza kwa sauti ndogo.

— Chukua yote, binamu, Nohra akasema, akatia sahihi.