Aliyeonja Togwa ya Hamisa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni naye asogee karibu, maana ya leo ni mazito kidogo. Tunamkumbuka Bibi Hamisa Semboja wa Korogwe, aliyefariki Jumanne. Wanawe wanakadiria alifika miaka tisini. Enzi za Wajerumani alikuwa muuza togwa. Narudia, muuza togwa, gulioni Korogwe.

Turudi mwaka 1898, miaka sabini iliyopita. Mvua zilikuwa zimekataa. Hamisa alikuwa mke kijana wa Mdoe, mpagazi. Jirani yake gulioni alikuwa Zamda, naye muuza togwa, mtoto mchanga mgongoni. Walipendana, wakaazimana vyungu. Na Zamda alikuwa na mdomo! Mteja akilalamika togwa ni nyepesi, humwambia akalime mtama wake.

Vijana, sikilizeni hapa. Togwa haikuuzwa hivi hivi. Muuzaji alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza, watu wakimwona, kuondoa shaka ya sumu. Kisha kata ileile ikapita kinywa hadi kinywa. Asiyeonja hauzi.

Asubuhi moja ya siku ya gulio, Mdoe alirudi kutoka kambi ya msafara wa bara. Alikuwa ameona wapagazi wana ndui. Akamwonya mkewe asitie mdomo kwenye kata ya watu.

Hamisa afanye nini? Unga wa mwisho wa nyumba ulishaingia chunguni, na togwa haingoji, kesho imechacha. Akitamka ndui, gulio zima litakimbia. Akanyamaza, akaenda kuuza. Wateja walipomtaka aonje, akasema amefunga.

Na haikuwa Ramadhani, jamani. Wateja wakatazamana, wakaanza kuondoka. Ndipo Zamda, kwa wema wake tu, akaja akashika kata.

"Lete nikuonjee, mwenzangu. Wataondoka na kiu bure hawa."

Hamisa alimwona akiiinua. Alikuwa na nafasi ya kusema, wasikilizaji. Hakusema. Zamda akaonja, akaonja tena kila walipokuja wateja wapya, na wapagazi wa msafara ule walikuwamo. Togwa ikaisha yote.

Wiki mbili hazikupita sawasawa, Zamda akashikwa na homa, vipele vikamtoka mwili mzima. Hakupona. Wengi hawakupona. Gulio likafungwa kwa miezi. Ndizi za watu wa Dindira zikaozea nyumbani, wafinyanzi wa Handeni wakakaa na vyungu vyao. Biashara ile ambayo Hamisa alinyamaza ili aiokoe ikafa pia.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Kwa Hamisa yalifika kabla hajapata hata mtoto. Alimchukua Abdi, yule mtoto wa Zamda, akamlea kama wa tumbo lake. Gulioni hakurudi, akawa mkulima hadi uzeeni. Mjukuu wake Mwaija ameniambia hivi: "Tukipika togwa, bibi alikuwa akitoka nje. Tulidhani haipendi."

Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini siku ile. Nasema kweli, sijui.

Mwezi uliopita Bibi Hamisa alimwita Abdi, ambaye leo ni mzee wa miaka sabini. Akamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Mzee Abdi anasimulia:

"Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia, mama, kwa upande wangu nimekusamehe, umenilea. Ya Zamda sina mamlaka nayo. Akanijibu, najua, mwanangu. Nakwenda kumwomba mwenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna hatari unayoijua na jirani yako haijui, mwambie. Mwambie hata kama biashara italala. Tafakarini hilo nyumbani kwenu.

Kwa Mwaija na ukoo wote wa Semboja, poleni sana. Nawe Mzee Abdi, pole kwa kufiwa na mama yako. Pole kwa mama zako wote wawili.